Urafiki au unafiki? Miaka hamsini ya Henry Fonda na James Stewart

*Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba alikuwa mtu wa picha za kauboi tangu enzi za Empire na Avalon pale Dar es Salaam. Alipenda kutuambia kwamba James Stewart na Henry Fonda, nje ya sinema, walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ingawa kisiasa mmoja alikuwa mashariki na mwenzake magharibi. Juzi nikaileta habari hiyo barazani, mjomba akanicheka. Anasema amesoma kwamba walitwangana ngumi kwa ajili ya siasa, na baada ya hapo wakapatana wasiiguse siasa tena mpaka kifo. "Watu wasioweza kuambiana yaliyo moyoni," anasema, "huo si urafiki, ni unafiki." Nani mkweli, baba au mjomba? Na kama hawakuwa wanazungumza, wakikutana walikuwa wanafanya nini?*

*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mpe mjomba salamu zangu, umwambie ana nusu ya hadithi, na nusu aliyo nayo ndiyo yenye ushahidi dhaifu. Ila swali lako la mwisho ndilo lililonivutia, kwa hiyo nitaanzia mkiani. Wakikutana walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaunga ndege.

Sikutanii. Ndege ndogo za mfano, zile za vijiti vya mbao laini, karatasi na gundi, ambazo watoto wa Kimarekani wa miaka ile walizipenda kama sisi tulivyopenda magari ya mabati. Watu wazima wawili waliinamia meza usiku kucha, mmoja ameshika gundi, mwingine kisu, na wanaweza kukaa saa nzima bila neno. Ukitaka kuuelewa urafiki huu, iweke picha hiyo kichwani.

Fonda alizaliwa 1905 jimbo la Nebraska, akakulia Omaha. Aliingia kwenye uigizaji kwa kusukumwa: mwaka 1925 rafiki wa mama yake, Dorothy Brando, alimwita kuigiza kwenye jumba la maigizo la mji ule. (Mama huyo ndiye mzazi wa Marlon Brando, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mchanga.) Stewart alizaliwa 1908 kwenye mji mdogo unaoitwa Indiana, uliomo jimbo la Pennsylvania. Wengi huuchanganya na jimbo la Indiana, nami niliwahi kuchanganya mbele ya darasa zima. Baba yake alikuwa na duka la misumari, rangi na vifaa vya ujenzi. Kijana akasoma usanifu majengo Princeton, akahitimu 1932, mwaka ambao hakuna mtu Marekani aliyekuwa anajenga kitu. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1929.

Kule Falmouth, pwani ya Massachusetts, kulikuwa na kikundi cha vijana wa vyuo kilichoitwa University Players, kikicheza tamthilia majira ya joto. Fonda alikuwa amekwisha kupita hapo tangu 1928. Stewart alifika kiangazi cha 1932 kwa kuitwa na Joshua Logan, mwenzake wa Princeton, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuigiza. Alipewa kazi ya kupiga akodiani kwenye mgahawa uliokuwa ubavuni mwa jumba la maigizo. Wewe wa Tanga unaijua akodiani kwa taarabu, kwa hiyo usinielewe vibaya nikikwambia kwamba wateja hawakuburudika.

Vuli ya mwaka huohuo wakajikuta New York, chumba kimoja: Fonda, Stewart, Logan na mwigizaji mwingine, Myron McCormick. Jengo lenyewe lilikuwa mtaa wa 64 upande wa magharibi, majirani wakiwa makahaba na wahalifu. Wanne hao hawakuwa na kazi ya uhakika hata mmoja. Mwenye sehemu ndogo kwenye tamthilia wiki hii ndiye aliyelisha wenzake, wiki ijayo zamu inageuka. Fonda alikuwa ametoka kuumizwa na ndoa: alimwoa Margaret Sullavan, mwigizaji wa kikundi kilekile, siku ya Krismasi 1931, na baada ya miezi michache kila mtu akashika njia yake.

Kuna usiku mmoja wa kipindi hicho ambao Fonda alipenda kuusimulia uzeeni. Walikuwa wanarudi nyumbani saa tisa usiku, Stewart amebeba akodiani yake. Wakafika Times Square, hakuna mtu. Fonda akamtania: ukipiga hapa, watu watatokea? Stewart akapiga. Watu wakatokea, kutoka milangoni na vichochoroni, na Fonda akavua kofia akaanza kuizungusha kuomba senti. Mwisho akaja askari akawafukuza.

Baadaye wawili hao walihamia chumba cha hoteli, na hapo ndipo vindege vilipoanza. Walikuwa wanaunga mfano wa ndege ya Martin ya kudondosha mabomu. Chumba kilijaa vumbi la mbao. Kabla hawajamaliza, Hollywood ikamwita Fonda. Tamthilia yake ya 1934 ilikuwa imempa jina, na mkataba aliopewa ulikuwa wa dola 1,000 kwa wiki. Inasemekana alipotajiwa kiasi hicho alidhani ni kwa mwezi. Akaondoka, ndege ikabaki kwa Stewart.

Stewart alifuata 1935. Studio ya MGM ilimchukua kwa dola 350 kwa wiki. Alivuka Marekani nzima kwa treni, na kwenye mapaja alikuwa na kasha jembamba refu ambalo abiria walilitazama kwa wasiwasi, maana ilikuwa enzi ya majambazi na bastola, na umbo lile lilifanana na la bunduki. Ndani yake mlikuwa na ndege. Fonda alimpokea stesheni. Hakumwuliza habari za safari wala za studio. Aliuliza habari za ndege.

Wakapanga nyumba pamoja mtaa wa Brentwood. Za nyumba ile ni nyingi na nyingine zimetiwa chumvi: paka wasio na mwenyewe waliojaa uani, na mpango wa kuchimba handaki kupita chini ya ua wa jirani yao mpya, ambaye alikuwa nyota wa sinema Greta Garbo. Magazeti ya sinema yalizipenda. Mimi huzipita haraka, kwa sababu ni aina ya hadithi ambazo watu maarufu huzitoa ili wasiulizwe mengine.

Mtu angeweza kuulizwa, kwa mfano, kuhusu Margaret Sullavan. Huyo mtalaka wa Fonda ndiye aliyempigania Stewart akapewa nafasi kubwa ya mapema kwenye sinema, mwaka 1936, na kwa jumla walicheza pamoja filamu nne. Hollywood yote ilisema Stewart anampenda, na ukiwatazama kwenye zile filamu huwezi kuwalaumu waliosema. Basi pima mwenyewe: mtalaka wako, unayemkumbuka bado, anamnyanyua rafiki yako unayeishi naye, na mji mzima unanong'ona. Urafiki mwingi umevunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. Wao halikuwavunja. Sullavan akaolewa na wakala Leland Hayward, wakala wa Fonda na wa Stewart pia, na maisha yakaendelea. Bado ilikuwa miaka kumi na zaidi kabla ya ugomvi wowote wa siasa, na tabia ilikuwa imekwisha jengeka: lililo chungu haliwekwi mezani.

Kisha likaja suala la Oscar, ambalo kwa waigizaji ni zito kuliko mwanamke. Sherehe ya Februari 1941. Fonda alikuwa ameshindanishwa kwa kazi yake ya mkulima aliyenyang'anywa shamba kwenye *The Grapes of Wrath*, kazi ambayo ili aipate ilibidi ajifunge na studio ya Fox kwa mkataba wa miaka mingi alioujutia. Stewart alishindanishwa kwa kichekesho, *The Philadelphia Story*. Akashinda Stewart. Mwenyewe alisema wazi kwamba kura yake alimpigia Fonda, na mimi nikizitazama filamu zote mbili naona alipiga kura sawasawa. Ile sanamu hakuiweka sebuleni. Baba yake alitaka ipelekwe dukani, ikakaa dirishani kwenye duka la vifaa vya ujenzi miaka kama 25. Fonda, kwa upande wake, hakupata Oscar ya uigizaji mpaka Machi 1982. Hesabu miaka: 41. Hakuna mahali ambapo amesikika akimwonea rafiki yake kijicho.

Vita vikawatenganisha. Stewart aliingia jeshini Machi 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, baada ya kukataliwa mara ya kwanza kwa kuwa mwembamba mno. Kijana wa vindege vya mbao akawa rubani wa B-24, ndege ya injini nne ya kudondosha mabomu, akaruka kutoka Uingereza safari 20 za mapigano juu ya Ulaya. Aliingia akiwa askari wa kawaida, akatoka kanali. Fonda aliingia jeshi la majini 1942, ana miaka 37, mke na watoto, na hakuna aliyemlazimisha. Alitumwa Pasifiki kwenye kazi ya upelelezi wa mapigano ya anga, akarudi na nishani ya Bronze Star.

Waliporudi 1945, Stewart hakuwa na pa kukaa kwa sababu nyumba yake ilikuwa imepangishwa. Fonda alikuwa amejenga nyumba Tigertail Road na mke wake Frances, na uani kulikuwa na kibanda walichojengewa watoto, Jane na Peter, wachezee. Kanali Stewart akahamia humo. Wapiganaji wawili wa Vita vya Pili, waliokuwa wameona wenzao wakifa, wakaanza kutengeneza tiara. Wengine mnaziita vishada. Tiara kubwa kweli, za kukimbia nazo mlimani. Kuhusu vita, Stewart hakupenda kuzungumza na mtu yeyote maisha yake yote.

Hapa ndipo tunafika kwa mjomba.

Oktoba 1947 kamati ya Bunge la Marekani ya kuchunguza waliodaiwa kuwa wasaliti wa taifa iliwaita watu wa Hollywood kuwahoji kama ni wakomunisti. Mji ulipasuka. Fonda, mfuasi wa chama cha Democrat tangu ujana, alisimama na wasanii walioipinga kamati. Stewart, Republican kwa kuzaliwa na kwa imani, aliamini hatari ya ukomunisti ni ya kweli. Hadithi ya mjomba inasema mwaka huo walibishana mpaka wakapigana.

Nimeifuatilia hadithi hiyo kadiri mtu anavyoweza. Inatoka kwa waandishi, wengi wao wakiandika miaka mingi baadaye, na haina mtu aliyesimama akasema "nilikuwepo". Stewart mwenyewe alisema hakumbuki kuwahi kugombana na Fonda hata mara moja. Najua, mjomba atasema mtu hawezi kukiri. Sawa. Basi tutazame kalenda. Mapema 1948, miezi michache tu baada ya vikao vya kamati, ilitoka filamu ambayo wawili hao wanacheza pamoja kwa mara ya kwanza, *On Our Merry Way*, wakiwa wanamuziki wawili maskini wanaotaniana. Februari ya mwaka huohuo Fonda alifungua tamthilia ya *Mister Roberts* kule Broadway, ikiongozwa na nani? Joshua Logan, yule wa chumba cha mtaa wa 64. Ilimweka New York miaka, na baada ya 1948 hakupata tena nafasi kubwa kwenye sinema mpaka 1955. Kwa hiyo wanaosema "baada ya 1947 walikuwa hawaonani" wana haki kuhesabu kutokuonana, ila sababu ya kwanza ni kilomita elfu nne za nchi kavu.

Kwamba walizozana kwa maneno makali wakati fulani, naamini. Kila mtu Hollywood alizozana mwaka ule. Kwamba walipeana ngumi, ningeweka kwenye kabati moja na lile handaki la Greta Garbo.

Ila mapatano ya kutoigusa siasa, hayo ni ya kweli. Stewart alikiri kwamba kuna mambo ambayo wao walikuwa hawayazungumzi, basi. Je, ni unafiki?

Mwulize mjomba mnafiki ni nani. Mnafiki ana sura mbili. Anakwambia hivi, kumbe moyoni ana vile. Sasa mwambie akuoneshe sura ya pili ya watu hawa. Fonda alisimama hadharani na Adlai Stevenson, mgombea urais wa Democrat, akasimama na Kennedy. Stewart alizunguka kumpigia debe Ronald Reagan. Magazeti yaliandika, na kila mmoja alimsoma mwenzake asubuhi akinywa chai. Hakuna aliyekuwa hajui. Walichokataa ni kurudia nyumbani yale ambayo tayari yalikuwa yamesemwa nje kwa vipaza sauti. Hata kwetu watu hufanya hivyo, mwanangu; nina hakika pale barazani kwenu wako wazee wawili wa vyama tofauti wanaocheza bao kila jioni, na ukileta habari za uchaguzi watakwambia "cheza, zamu yako."

Na tofauti yenyewe haikuwa ya maneno matupu. Huwezi kuupima urafiki huu kwa mwaka 1947. Kipimo chake ni Vietnam.

Stewart alibaki kwenye jeshi la akiba la anga mpaka 1968 akiwa brigedia jenerali. Februari 1966, ana miaka 57, alipanda B-52, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, kama mtazamaji kwenye safari ya kushambulia Vietnam. Alikuwa ameoa 1949, akamkuta mke wake Gloria na wavulana wawili, akawalea kama wake. Mkubwa, Ronald, aliingia kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani. Tarehe 8 Juni 1969 aliuawa Vietnam, luteni wa miaka 24.

Majira hayohayo Stewart na Fonda walikuwa New Mexico wakipiga filamu yao ya mwisho pamoja, *The Cheyenne Social Club*, iliyoongozwa na Gene Kelly. Kama hujaiona, itafute, ni ya kuchekesha. Wachunga ng'ombe wawili wazee wanasafiri kwenda kupokea urithi wa Stewart, ambao unageuka kuwa danguro. Mwanzo wa filamu ni safari ndefu ya farasi, na Fonda anaongea, anaongea, haishiwi. Mashangazi, mbwa, magonjwa, kila kitu. Stewart anavumilia mpaka mwisho anamwambia kwamba ameongea tangu Texas. Fonda anajibu kuwa alikuwa anampa tu kampani. Nilikuwa nacheka hapo kama watu wengine mpaka nilipozijua tarehe. Yule anayepewa kampani ni baba aliyefiwa, na yule msemaji, kwenye maisha, ni mtu aliyejulikana kwa ububu.

Kuna na habari ya farasi. Tangu 1950 Stewart alikuwa akipanda farasi mmoja kwenye karibu filamu zake zote za kauboi, jina lake Pie. Hakuwa wake. Mwenye naye alikataa katakata kumwuza, kwa hiyo kila filamu ilibidi aombwe. Karibu miaka 20 mtu na mnyama. Kufika New Mexico, Pie alikuwa mzee, na pale ni nyanda za juu, hewa nyepesi. Hakuweza kazi. Stewart akawa na msiba juu ya msiba.

Fonda alikuwa mchoraji, mchoraji kweli, si wa kupoteza muda. Siku ambayo hakuwa na kazi alikwenda zizini, akakaa na yule farasi akamchora. Baadaye akamalizia kwa rangi za maji, akampa Stewart. Pie alikufa muda mfupi baada ya hapo. Ile picha Stewart aliitunza nyumbani mpaka mwisho.

Alimwambia nini juu ya Ronald? Pengine hakumwambia kitu. Kijana yule aliuawa kwenye vita iliyoigawa Marekani. Neno gani angelisema ambalo lisingekuwa na siasa ndani yake? Akachora farasi. Mjomba akiuita huo unafiki, basi mimi na yeye tunatumia kamusi mbili.

Mtihani mwingine ukaja Julai 1972. Jane Fonda, yule mtoto mwenye kibanda cha tiara, alikwenda Hanoi, mji mkuu wa Vietnam ya Kaskazini iliyokuwa ikipigana na Marekani, akapigwa picha ameketi kwenye mzinga wa kutungulia ndege za Marekani. Wamarekani wengi hawajamsamehe mpaka leo, na yeye mwenyewe ameomba radhi kwa picha ile mara nyingi. Jiweke kwenye nafasi ya Stewart: rubani wa ndege za mabomu, baba wa kijana aliyezikwa miaka mitatu tu nyuma, rafiki wa baba wa binti huyo. Angekata mguu, nani angemlaumu? Hakukata. Aliendelea kwenda kwa Fonda kama kawaida yake.

Nisikupambie, lakini. Ububu huu ulikuwa na bei, na waliolipa si wao. Wale wanaume wawili waliutumia ukimya vizuri kwa sababu walikuwa sawa: umri, njaa ya mwanzo, kazi, tabia. Mtoto si sawa na baba yake. Jane na Peter wote wameeleza hadharani jinsi walivyokua na baba baridi, asiyefikika. Mama yao Frances alijiua Aprili 1950, na usiku uleule Fonda alipanda jukwaani New York akacheza *Mister Roberts* kama kawaida. Watoto hawakuambiwa mama yao amekufaje. Jane alikuja kuujua ukweli kwenye gazeti la sinema. Ukimya uleule. Mikononi mwa rafiki ulikuwa heshima, ndani ya nyumba ulikuwa kidonda. Fonda alioa mara tano, Stewart mara moja tu, na nadhani hiyo pia inakwambia nani kati yao alikuwa na mahali pengine pa kupumzika na nani hakuwa napo. Marehemu baba yako aliwaona kama masteringi, na steringi hafi. Mimi nawaona kama watu waliokuta njia moja iliyowafaa wao, wakaishika, na haikufaa kila mahali.

Jambo la mwisho kabla sijakuacha. Kwa miaka yote hiyo hamsini, filamu ambazo wanaonekana pamoja kwenye onyesho moja ni tatu tu. Kwenye moja, *Firecreek* ya 1968, Fonda ndiye adui na Stewart ndiye mlinzi wa mji. Studio zingefurahi sana kuwauza kama jozi, maana watu wangenunua tiketi. Ni wazi hawakutaka urafiki wao uwe bidhaa, na nadhani ndiyo sababu umetufikia kwa vipande vidogo vidogo: kasha la ndege, kofia ya senti, picha ya farasi.

Fonda alianza kuugua moyo 1974. Miezi ya mwisho alikuwa hatoki kitandani, na Stewart alikuwa akija kumwona. Wote wawili masikio yalikuwa yamepungua, kwa hiyo hata yale machache waliyosemezana ilibidi wapigiane kelele. Oscar ilipokuja ile Machi 1982, Jane ndiye aliyeipokea jukwaani na kumpelekea nyumbani. Tarehe 12 Agosti Fonda akafariki, miaka 77. Alikuwa ameagiza asifanyiwe ibada ya mazishi.

Stewart alikwenda nyumbani kwa wafiwa. Jane amesimulia kwamba alikaa sebuleni kimya, kichwa chini, muda mrefu sana, familia ikimzunguka bila kujua imwambie nini. Halafu ghafla akainua kichwa, akanyoosha mikono yake mirefu pande zote mbili kadiri inavyofika, akaanza kuwaeleza ukubwa wa tiara waliyowahi kuirusha.